Nyumba ya Mugongo na Wenyeji Wake

Katika milima yetu ya Masisi na Walikale liko swali moja linaloulizwa kuliko mengine yote, nalo ni hili: Nyumba hii ni ya nani? Linaulizwa barazani kwa mwami, linaulizwa mbele ya hakimu, linaulizwa njiani wakati watu wanaporudi kutoka kambini wakiwa na magodoro kichwani. Kila mtu hulijibu kwa njia yake. Mmoja huonyesha karatasi. Wa pili huonyesha kaburi la babu yake nyuma ya migomba. Wa tatu huonyesha mikono yake na kusema, "Mimi ndimi niliyezikandika kuta hizi."

Leo nataka kuwasimulia habari za nyumba moja isiyo mbali sana nasi, tupate kulitazama swali hilo kwa utulivu kidogo. Maana ugomvi wa mbali mtu huupima vizuri zaidi kuliko ule ulio mlangoni pake. Nyumba yenyewe ni ya Mugongo, upande wa Rwanda, chini ya mlima Karisimbi. Sisi tuishio milimani tunawajua wale majitu wa volkano, jinsi wanavyosimama kule mashariki asubuhi isiyo na ukungu. Mkubwa wao ndiye Karisimbi, mita 4,507 kwenda juu, na mpaka wa Kongo na Rwanda unapita juu yake. Basi katika miteremko yake ya upande wa pili, mahali pa baridi na udongo mweusi, ndipo ilipo nyumba hiyo. Na mwenye nyumba alikuwa Mmarekani.

Kabla ya kumtaja, yafaa tueleze kwanza mambo ya ardhi, kwa sababu nyumba haisimami hewani. Tarehe 1 Julai 1885, serikali ya mfalme Leopold wa Pili iliamuru kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali. Maneno yale yalionekana mepesi, lakini uzito wake ulikuwa mkubwa. Nani aliulizwa kama ardhi ina mwenyewe? Shamba lililoachwa lipumzike, msitu wa kuwindia, malisho ya ng'ombe, vyote viliweza kuhesabiwa kuwa havina mtu. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, nayo ikapewa uwezo wa kugawa ardhi ya Kivu kwa walowezi kutoka Ulaya. Mwaka 1937 serikali ikaanza mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi, na mashamba ya walowezi yakapata wafanyakazi. Mpango huo uliendelea hadi mwaka 1955. Nyumba nyingi za zamani tunazoziona juu ya vilima vya Masisi, zenye dohani na miti ya mikaratusi njiani, zilijengwa nyakati hizo.

Mojawapo ya mazao ya walowezi lilikuwa pareto. Wazee mnaikumbuka. Ni ua jeupe lenye moyo wa manjano, asili yake Dalmatia, pwani ya bahari ya Adria. Ndani ya ua hilo mna dawa ya kuua wadudu. Hupenda nchi za juu zenye baridi, kwa hiyo milima yetu iliifaa sana. Ua huchumwa kwa mkono, moja moja, likiisha kufunguka. Kisha hukaushwa, maana likiachwa bichi huchacha na kuharibika. Ndiyo sababu kila shamba la pareto lilikuwa na nyumba yake ya kukaushia, yenye vichanja na moto. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu.

Nyanya yangu, mama mzaa baba, alichuma pareto alipokuwa msichana katika shamba la mlowezi mmoja wa Masisi. Alituambia kwamba vidole viligeuka manjano, na umande wa asubuhi ulilowesha nguo mpaka kifuani. Kikapu kilipojaa walikwenda kwenye mizani. "Mizani ilikuwa na masikio ya bwana tu," alisema. Nilipomwuliza nyumba ya bwana yule ilikuwaje, alifikiri kidogo, akajibu: "Nje ilikuwa nyeupe. Ndani sijui. Sisi tuliijua nyumba ya kukaushia."

Nimeweka maneno yake hapa kwa makusudi, nanyi mtaona sababu mbele.

Sasa tumtaje mwenye nyumba. Jina lake ni Rosamond Halsey Carr. Alizaliwa tarehe 28 Agosti 1912 katika mji wa South Orange, jimbo la New Jersey, Marekani. Kazi yake katika mji wa New York ilikuwa kuchora picha za mavazi ya mitindo kwa ajili ya matangazo ya maduka. Huko akaolewa na Kenneth Carr, Mwingereza mwindaji na mpiga filamu, aliyemzidi umri sana na aliyekuwa amezunguka Afrika. Mwaka 1949 wakaja pamoja Kongo ya Wabelgiji. Ndoa yao haikudumu. Mume alikwenda zake, mke akabaki. Alifanya kazi ya kusimamia shamba la pareto liitwalo Buniole, katika milima ya Kivu, na mwaka 1955 akahamia Mugongo, shamba ambalo baadaye likawa mali yake.

Fikirini kidogo, wasomaji. Mwanamke peke yake, mgeni, asiyejua kilimo, katika nchi ambayo hata walowezi wenyewe walidhani shamba ni kazi ya mwanamume. Jirani zake walimhesabia miezi. Yeye akajifunza pareto, akajifunza kuwatibu wafanyakazi vidonda na homa, akajifunza kuamka usiku tembo wanapokanyaga maua. Nyumba ilikuwa ndogo, yenye mimea inayotambaa ukutani, na mbele yake alipanda bustani ya maua iliyosifiwa na kila aliyefika. Naye alikuwa na msaidizi, Sembagare Munyamboneza, aliyeanza kazi kwake akiwa kijana mdogo wa nyumbani, akaishia kuwa msimamizi wa shamba zima. Habari zao mwenyewe alizieleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 pamoja na mpwa wake, Ann Howard Halsey.

Kisha ukafika wakati wa walowezi kuondoka. Mwaka 1959 machafuko yalianza Rwanda, na watu wengi wakachomewa nyumba na kukimbia. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru, na tarehe 1 Julai 1962 Rwanda nayo ikapata wake. Wazungu wengi wa pande hizi walifunga masanduku. Mashamba yaliuzwa kwa bei ya kutupa, au yaliachwa na ufunguo mlangoni. Madame Carr akabaki. Hata pareto ilipokosa bei nzuri, aligeukia maua ya kukata, akayauza kwa mahoteli na balozi. Ndivyo alivyoishi miaka na miaka.

Nyumba ile ilikuwa na wageni daima. Mmoja wao mnamjua. Mwaka 1967 Mmarekani mwingine, Dian Fossey, aliyekuwa akichunguza sokwe wakubwa wa milimani huko Kabara, upande wetu wa Kongo, alilazimika kuondoka kwa sababu ya vita. Alifika kwa Madame Carr karibu mikono mitupu, akapokewa. Kutoka hapo akatafuta mahali pa kuanzia upya, na tarehe 24 Septemba 1967 akafungua kituo chake cha Karisoke kati ya Karisimbi na Visoke. Wanawake hao wawili walibaki marafiki mpaka Fossey alipouawa mwezi Desemba 1985.

Hapa nataka tusimame kidogo, turudi upande wetu wa mpaka, tuone nyumba za walowezi wa Masisi zilipata wenyeji gani. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi mikononi mwa serikali ya Kongo. Tarehe 20 Julai 1973 ikatoka sheria nyingine, ikisema kwamba udongo ni mali ya serikali, nayo hutoa ruhusa ya kuutumia tu. Tarehe 30 Novemba mwaka uleule Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe wananchi. Wengi tulitumaini kwamba mkulima aliyechuma maua angepata sehemu. Lakini mashamba makubwa yalikwenda kwa watu wenye jina na wenye rafiki mjini. Wengine hawakulala hata usiku mmoja katika nyumba walizopewa. Karatasi ilibadilisha jina, mlango ukabaki umefungwa. Wafanyakazi wakabaki palepale katika vibanda vyao, hawana karatasi, hawana ardhi, wakiulizwa mwaka baada ya mwaka wametoka wapi. Humo ndimo yalimopandwa mengi ya magomvi tunayovuna leo.

Turudi Mugongo. Mwezi Aprili 1994 mauaji ya kimbari yalianza Rwanda. Madame Carr alikuwa na miaka 81. Aliondolewa na askari wa Kibelgiji, akapelekwa kwao Marekani. Watu wa umri wake wangeshukuru na kukaa kitako. Yeye mwezi Agosti alikuwa amekwisha kurudi. Alikuta nini? Nyumba imeporwa. Viti, vitanda, vitabu, vyombo vya maisha ya miaka arobaini, vyote vimekwenda. Sembagare alikuwa hai, baada ya kuponea chupuchupu zaidi ya mara moja. Na barabarani walikuwako watoto wasio na baba wala mama, kwani mwaka ule, ninyi mwakumbuka, kilio kilijaa pande zote mbili za mpaka, hata Goma.

Basi bibi yule mzee alifanya jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike. Alitazama mali iliyobaki, akaona nyumba ya kukaushia pareto imesimama. Akasema na Sembagare, wakaifagia, wakaiweka vitanda, na tarehe 17 Desemba 1994 wakapokea watoto 40. Mahali pale pakaitwa Imbabazi, neno la Kinyarwanda lenye maana ya huruma na malezi ambayo mama humpa mtoto wake. Watoto wale walikuwa wa kila upande. Hawakuulizwa kabila mlangoni.

Sasa yakumbukeni maneno ya nyanya yangu. Nyumba ambayo wachumaji waliijua kwa mizani na moshi, ndiyo iliyogeuka kuwa malazi ya watoto. Vichanja viliondolewa, mablanketi yakaingia.

Haikuwa kazi ya siku moja wala ya amani. Mwaka 1997 mashambulio yaliongezeka katika eneo lile, ikabidi watoto wahamishiwe mjini Gisenyi, na huko wakahama tena kutoka jengo hadi jengo. Mwaka 2005 wakaweza kurudi Mugongo. Madame Carr akafariki tarehe 29 Septemba 2006, akiwa na miaka 94, akazikwa Mugongo. Kwa jumla watoto zaidi ya 400 walipita katika malezi yale. Baadaye Rwanda iliamua kwamba yatima walelewe katika familia badala ya vituo, na malezi ya watoto pale yakakoma. Nyumba na bustani vikabaki, na wageni wamekuwa wakija kuviona.

Je, nasimulia haya ili tumsifu mlowezi? Hapana. Msomaji mmoja aweza kuniambia: "Mwalimu, karatasi yake ilitoka kwa serikali ileile iliyochukua ardhi bila kuuliza." Ni kweli, wala siwezi kulificha. Wachumaji wake nao walilipwa kama wachumaji wa nyakati zile walivyolipwa, yaani kidogo. Wema wa mtu haufuti historia ya shamba lake. Lakini historia ya shamba nayo haifuti alichofanya mtu siku aliporudi akakuta kuta tupu. Yote mawili ni kweli, na mtu mzima lazima ajifunze kuyabeba yote mawili, kama mama abebavyo mtoto mgongoni na kuni kichwani.

Ninachokiona mimi ni hiki. Karatasi hujibu swali la nani aweza kuuza nyumba. Kaburi la babu hujibu nani alitangulia. Mikono yenye udongo hujibu nani alijenga. Majibu yote matatu yana haki yake, nami sisemi hata moja litupwe. Ole wao watu ambao karatasi zao huchomwa na makaburi yao hulimwa! Lakini yako majibu ya nne, ambayo mahakama hayayaandiki: nani alipata usalama ndani yake. Nyumba nyingi za Masisi zilikuwa na karatasi safi, hazikumsitiri mtu. Ile ya Mugongo ilijulikana kwa waliopokewa humo.

Naandika haya nikiwa mtu wa Kalembe, wala si mtazamaji wa mbali. Mwaka 2012, vita vilipozunguka vilima vyetu, mama yangu nami tulikimbia pamoja na jirani zetu. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Tuliporudi baada ya miezi mingi, tulikuta moshi unatoka kwetu. Ndani walikuwamo baba mmoja, mkewe na watoto watano, watu waliofukuzwa kutoka kijiji cha upande mwingine, wa kabila lisilo letu. Mlango ulikuwa mpya, kwa kuwa ule wa zamani ulichomwa kuni. Nyuma ya nyumba maharagwe yalikuwa yametoa maua.

Vijana wa mtaa walikuja upesi, wengine na panga. Walisema, "Neno lako tu, ndugu, na leo hii watatoka." Nami nilikuwa kijana, na nyumba ilikuwa ya baba yangu. Yule baba alisimama mlangoni, hakusema kitu. Alikuwa ameshika mwiko.

Mama akapita katikati yetu, akaingia jikoni. Alitoka na sufuria, akaigeuza huku na huku, akaonyesha alama aliyoitia mwenyewe kwa msumari kwenye kitako. Akasema: "Sufuria ni yangu. Maharagwe ni yenu. Tule kwanza, maneno yatafuata."

Maneno yalifuata kweli, wala hayakuwa matamu. Tulikaa pamoja nyumba moja, watu tisa, mpaka maharagwe yakakomaa. Kulikuwa na ugomvi wa maji, ugomvi wa kuni, na siku mbili mama na mke yule hawakusalimiana kwa sababu ya chumvi. Wazee waliitwa, wakaamua: nyumba ni ya mwana wa marehemu, mavuno ni ya aliyelima, mlango mpya ulipwe. Tuliulipa kwa mbuzi mdogo. Walipovuna, walihamia kiwanja walichopewa na wazee wale wale, nasi tukasaidia kukata miti ya kujengea. Mmoja wa watoto wale alikuja kuwa mwanafunzi wangu.

Oktoba 2024 vita vilifika tena hapa Kalembe, na watu wakabeba tena magodoro. Najua kwamba kati yenu mnaosoma wako walio katika nyumba za wengine, na wako ambao katika nyumba zao wamo wengine. Siwaambii kwamba mwachie haki zenu. Tunzeni karatasi mkiwa nazo. Wafundisheni watoto mipaka ya shamba, mti kwa mti, na majina ya waliozikwa hapo. Nendeni kwa wazee na kwa hakimu, wala msiende kwa panga. Asiyedai haki yake leo, kesho mwanawe ataidai kwa damu.

Lakini wakati kesi inaposubiri, mvua hainyeshi kwa kufuata hukumu. Mtoto aliye nje huloa usiku uleule. Wazee wa pwani wana methali: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi wa milimani tumekwisha kuona milango mizuri ya kutosha. Basi mwenye chumba kisichotumika, mwenye ghala iliyobaki tupu, mwenye kibanda cha zamani cha kukaushia mahindi, na akitazame tena. Na siku mashauri yatakapokaa barazani, na mtu ataulizwa nyumba hii ni ya nani, aonyeshe karatasi yake, aonyeshe kaburi, aonyeshe mikono. Kisha, kama anaweza, awaite na wale aliowalaza, waje waseme nao.